UZI: Blogu na podikasti kwenye udahili wa vyuo, habari za mgeni rasmi hazileti mwanafunzi, mwacheni mwanafunzi mwenyewe aongee

#1 MdauWaUdahili

Wakuu habari za humu. Nipo ofisi ya udahili na masoko ya chuo miaka kadhaa sasa, na kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa lote. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Vyuo vingi siku hizi ukifungua tovuti yao unakuta kuna sehemu imeandikwa Blogu na pembeni yake Podikasti (vipindi vya sauti vya kusikiliza mtandaoni). Bonyeza sasa. Posti ya mwisho ina miezi saba, inahusu mgeni rasmi aliyekuja kuzindua jengo, picha ni watu kumi wamesimama mstari mmoja. Podikasti ina vipindi vinne, cha kwanza mkuu wa chuo anakaribisha, cha mwisho anatoa salamu za kufunga mwaka, baada ya hapo kimya. Halafu kwenye kikao mtu anasema blogu hazifanyi kazi, tuongeze hela ya matangazo.

Nasema kwa uchungu kwa sababu na sisi tulifanya hivyo hivyo mwaka mzima. Tulikuwa tunaandika kwa ajili ya mabosi wetu, siyo kwa ajili ya mwombaji.

Hebu mfikirieni mwombaji. Ni saa sita usiku, ana simu, kashaangalia kozi yenyewe na sifa za kujiunga, hayo yote yapo kwenye ukurasa wa udahili. Anachotafuta sasa ni vitu ambavyo anaona aibu kupiga simu kuuliza. Hesabu za mwaka wa kwanza ni ngumu kiasi gani kwa mtu aliyepita kwa kubahatisha? Nikifeli somo moja nafukuzwa? Nikipangwa chumba na mtu tusiyeelewana inakuwaje? Mtu mpole asiyejua watu anapata marafiki kweli? Brosha haina majibu ya maswali haya, haiwezi kuwa nayo, brosha imepitia mikono ya watu nane na kila mmoja kafuta sentensi moja yenye uhai.

Blogu na podikasti nguvu yake ipo hapo tu. Mwanafunzi aliyepo chuoni anamjibu anayetaka kuja, kwa lugha yake, kwa ukweli wake. Ukiitoa hiyo unabaki na gazeti la chuo ambalo halina msomaji.

Na siyo wazo jipya hili. MIT kule Marekani ofisi yao ya udahili ina wanafunzi wanaoblogu tangu 2004, wanalipwa kwa kazi hiyo, na hawapewi cha kuandika. Ukisoma zile posti utakuta mtu anaandika kuhusu kuchoka, kushindwa somo, kumkumbuka mama yake, na katikati ya hayo yote unaona chuo kilivyo. Chuo kigumu kama kile kinaruhusu mwanafunzi aseme kimemshinda wiki hii, na watoto bado wanapanga foleni kuomba.

Nitashusha kwa vipande. Maswali yaleteni tu.

#2 kalamu_nyepesi

Mkuu nimekusoma. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwandishi wa blogu ya chuo chetu, miaka mitatu. Nataka kuthibitisha hiyo ya ukweli.

Muhula wa pili nilifeli somo. Nilikaa na hiyo kitu wiki mbili siwezi hata kuwaambia nyumbani, halafu nikaiandika kwenye blogu, nikaandika nilivyoona matokeo nikiwa kwenye korido, nilivyoenda kwa mshauri wangu wa masomo mikono inatetemeka, jinsi utaratibu wa kurudia unavyokwenda, nani anasaini nini, somo linarudiwa lini, na kwamba niliporudia nililielewa somo lile kuliko masomo yote niliyofaulu mara ya kwanza. Dada aliyekuwa anasimamia blogu aliisoma akaniuliza swali moja tu, una uhakika unataka jina lako likae hapa? Nikasema ndiyo. Akaipandisha bila kugusa herufi.

Ile posti ilisomwa kuliko zote nilizoandika. Mpaka nahitimu nilikuwa napata meseji za wanafunzi wapya, wananiambia walichagua kuja kwa sababu ya posti ya kufeli. Siyo ya mahafali. Ya kufeli!

#3 MdauWaUdahili

@kalamu_nyepesi umenigusa sana dada. Na swali la huyo msimamizi wako ndo uhariri unaotakiwa, kumlinda mwandishi. Kuilinda sura ya chuo siyo kazi ya mhariri wa blogu hii.

Tuendelee. BLOGU kwanza maana ndo msingi, podikasti inakuja juu yake.

Kitu cha kwanza tulichobadilisha ni mahali tunapotoa mada. Zamani mada zilitoka kwenye kalenda ya matukio ya chuo. Tukahamia kwenye dawati la maulizo. Nilikaa na mama anayepokea simu za waombaji siku nzima na daftari, naandika kila swali kama lilivyoulizwa, na maneno yale yale ya muulizaji. Siku hiyo moja nilitoka na mada za kutosha muhula mzima. Baadaye tukaongeza maswali ya barua pepe, ya inbox za mitandao, na maneno ambayo watu wanayaandika kwenye kisanduku cha kutafuta cha tovuti yetu wenyewe (hicho kisanduku kina rekodi, muulizeni mtu wenu wa TEHAMA, ni mgodi uliolala).

Kichwa cha posti kikawa ndo swali lenyewe. Badala ya "Maisha ya kijamii chuoni kwetu" tukaandika "Nitapataje marafiki kama sijui mtu hata mmoja hapo". Sababu ni rahisi, hivyo ndo mtu anavyoandika kwenye Google, na posti nzuri inayojibu swali inaletewa wasomaji miaka na miaka bila kulipia. Tangazo ukiacha kulipa linazima siku hiyo hiyo.

Kingine, usiandike ada wala tarehe ya mwisho ya maombi ndani ya posti ya mwanafunzi. Weka linki inayoenda ukurasa rasmi. Tuliwahi kuwa na posti ya zamani inayotajwa sana Google, ndani ina tarehe ya mwaka uliopita, na kuna kijana aliifuata ile akachelewa kuomba. Alipiga simu analia. Sitaisahau ile simu. Tangu siku hiyo kila posti ya zamani tunaipitia kabla msimu haujafunguliwa.

Na komenti zijibiwe! Mwombaji akiuliza chini ya posti akakaa siku kumi bila jibu, wote wanaopita pale wanasoma ule ukimya.

#4 Mkaguzi_wa_Ndani

Mkuu hongera kwa uzi lakini niweke pingamizi. Mimi ni upande wa utawala. Unaposema mwanafunzi aandike bila kuhaririwa, unajua hatari yake? Akimtukana mwalimu? Akitaja ugonjwa wa mwenzake? Akitoa tuhuma nzito bila ushahidi? Anayebeba ni chuo, siyo yeye. Uhuru mnaouongelea unapendeza ukiwa mbali na meza ya mwanasheria.

#5 MdauWaUdahili

@Mkaguzi_wa_Ndani pingamizi lako ni la haki kabisa na ndo lililotuchelewesha sisi miezi minne. Nikueleze tulivyolimaliza.

Tulitofautisha vitu viwili vilivyokuwa vinachanganywa, maoni na madhara. Mwanafunzi kusema maktaba inajaa wiki ya mitihani hakuna pa kukaa, hayo ni maoni, na ni kweli, hatugusi. Mwanafunzi kumtaja mwenzake kwa jina kwenye jambo la afya, la familia au la nidhamu, hayo ni madhara, hayapandi. Tuliandika ukurasa mmoja tu: usimtaje mtu bila ruhusa yake, usiweke picha ya mtu bila ruhusa yake, usimtuhumu mtu, ukiwa na malalamiko mazito njoo tukupeleke panapohusika. Kila mwandishi anausaini siku ya kwanza, tunausoma naye kwa sauti mstari kwa mstari.

Halafu tunachagua watu vizuri. Hatukuchukua wenye alama za juu peke yao. Tulitafuta wanaoandika tayari, na tukahakikisha kuna aliyehamia kutoka chuo kingine, mtu mzima aliyerudi kusoma akiwa na watoto, anayesoma jioni kwa sababu mchana yupo kazini, mwenye ulemavu, wa mwaka wa kwanza kabisa ambaye bado anapotea kutafuta madarasa. Mwombaji lazima ampate anayefanana naye.

Na tunawalipa. Wengine mtasema ni vizuri wajitolee, mimi nakataa. Mtu anayejitolea ataandika mara mbili, mitihani ikikaribia anapotea na huna haki ya kumdai. Ukimlipa iseme wazi pale pale kwenye blogu kwamba hawa wanalipwa na chuo na wanachoandika ni chao. Marekani tume yao ya biashara, FTC, miongozo yake tangu 2009 inataka mwenye kublogu akilipwa kuisifia bidhaa aseme. Hata sheria ya kwenu isiposema hivyo, msomaji anastahili kujua.

Tangu tuanze tumezuia posti mbili tu. Zote mbili tulikaa na mwandishi, tukamweleza, zikaandikwa upya.

#6 Mkaguzi_wa_Ndani

Ukurasa mmoja unaosainiwa, hapo umenifungua. Sisi tulikuwa na sera ya kurasa kumi na nne ambayo hakuna aliyeisoma. Endelea.

#7 kijana_wa_videofupi

Wakubwa samahani, podikasti nani anasikiliza jamani? Vijana wapo kwenye video za sekunde thelathini, nyie mnaongelea mtu akae nusu saa anasikiliza sauti ya ofisa udahili. Mi naona ni kupoteza muda.

#8 MdauWaUdahili

@kijana_wa_videofupi mdogo wangu upo sahihi nusu. Video fupi inamfikia asiyekujua. Haina mpinzani kwenye hilo, na sisi tunazitumia. Lakini fikiria hatua anazopita mwombaji: anasikia jina la chuo, anaulizia, anaomba, anakubaliwa, anathibitisha nafasi, anafika. Kila hatua wanapungua. Na pengo linaloumiza ofisi za udahili kimya kimya ni la mwisho, kati ya kukubaliwa na kufika. Mtu umemkubalia, umemhesabu, kashathibitisha, halafu siku ya kuripoti hayupo. Kwa nini? Mara nyingi siyo kwamba kapata chuo bora. Hofu imemshinda, fomu imemchanganya, nyumbani hawajaelewa, hakuna mtu wa kumuuliza, kakaa kimya mpaka muda umepita.

Huyo mtu ndo wa podikasti. Hahitaji kuvutiwa, ameshavutiwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye. Sauti inafanya kitu ambacho maandishi hayafanyi, unamsikia mtu anasita, anacheka, anavuta pumzi kabla ya kujibu swali gumu. Anasikiliza akiwa kwenye basi au anafua, na kingine ambacho hatukukitegemea, wazazi wanasikiliza. Kijana anamwekea mama yake kipindi cha hosteli, mama anasikia kwa masikio yake wasichana watatu wanaeleza usalama wa usiku upoje.

Kwa hiyo usiipime podikasti kwa wasikilizaji wengi. Ukikubali wanafunzi mia tatu na mia moja wakasikiliza kipindi cha "wiki ya kwanza" kabla hawajafika, hiyo podikasti imefanya kazi kubwa kuliko video iliyotazamwa na watu elfu hamsini wasio na mpango wa kusoma kokote.

Mfano mwingine, Yale, chuo kingine cha Marekani, wana podikasti yao tangu 2020 inayoendeshwa na maofisa udahili wenyewe, wanaeleza faili la mwombaji linasomwaje, kamati inakaa vipi, barua za mapendekezo wanaangalia nini. Hakuna muziki wa kishindo wala sifa za majengo. Wanafungua mlango wa chumba ambacho kila mwombaji anakiogopa. Hiyo mada kila chuo inayo, ni kuamua tu kuisema.

#9 kijana_wa_videofupi

Hapo kwenye waliokubaliwa lakini hawafiki sikupafikiria. Rafiki yangu kabisa hakwenda chuo kwa sababu ya fomu moja tu ya afya, hakujua ajazwe na nani, akaona aibu kuuliza. Mpaka leo hajasoma. Nimekuelewa kaka.

#10 fundi_mitambo

Naomba upande wa ufundi. Nimepewa kazi ya kuanzisha podikasti ya chuo, bajeti karibu haipo. Maiki gani, studio, tuweke wapi?

#11 MdauWaUdahili

@fundi_mitambo pole na hongera. Usikimbilie studio. Adui wa sauti ni chumba kuliko maiki, chumba kitupu chenye vigae na kuta za plasta kinarudisha mwangwi hata ukiwa na maiki ya bei kubwa. Tafuta chumba kidogo chenye mapazia, zulia, makabati ya vitabu. Maiki ya USB aina ya dainamiki inatosha kuanza, ikae karibu na mdomo, upana wa kiganja hivi, pembeni kidogo ili herufi p na b zisipulize. Wageni wawili kila mmoja na maiki yake, msigawane. Kuediti, Audacity ni ya bure na ipo tangu 2000.

Hifadhi faili kwa mono (njia moja ya sauti), kilobiti 64 kwa sekunde kwa mazungumzo ya kawaida. Hesabu yake: karibu kilobaiti 480 kwa dakika, kipindi cha dakika 25 kinakuwa kama megabaiti 12. Ukiacha 128 ni megabaiti 24 na sikio halitaona tofauti kubwa kwa watu wanaoongea. Kumbuka msikilizaji wako ni kijana anayenunua bando lake mwenyewe. Ukubwa wa sauti, Apple wanapendekeza karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lengo ni kipindi hiki kisipige kelele na kinachofuata kisinong'one. Picha ya kava iwe mraba, kuanzia pikseli 1400 kwa 1400 mpaka 3000 kwa 3000, na jina lisomeke likiwa dogo kama ukucha.

Sasa hii ishike sana: fidi ya RSS iwe ya chuo. Podikasti kiufundi ni faili la sauti pamoja na fidi inayoziambia programu zote za kusikilizia kuna kipindi kipya, basi. Anayemiliki fidi ndo anayemiliki podikasti. Sisi ya kwanza ilifunguliwa na mwanafunzi mwenye bidii kwa barua pepe yake binafsi, akahitimu, akapata kazi mbali, barua pepe ile akaipoteza, na tukafungiwa nje ya podikasti yetu wenyewe na vipindi ishirini ndani. Tulianza upya na wasikilizaji wote tukawapoteza. Kama tungekuwa na akaunti mikononi tungeweza kuhama kwa kuelekeza fidi ya zamani kwenye mpya na wasikilizaji wangehama nayo bila hata kujua. Barua pepe ya ofisi, nywila kwenye daftari la ofisi, watu wawili wanaijua.

Na msijenge nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Vyuo vingi viliweka mihadhara iTunes U, huduma ya Apple ya mihadhara ya vyuo, tangu 2007, Apple wakaifunga mwishoni mwa 2021. Google Podcasts nayo ilianza 2018, ikafungwa 2024. Weka kwenye programu zote ambazo watu wanasikilizia, lakini kila kipindi kiwe na ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo, na kitufe cha kusikiliza hapo hapo, maana wapo wengi hawana programu yoyote ya podikasti na hawataki kuipakua.

#12 sikio_la_pili

Naomba niongee jambo ambalo watu hulisahau. Mimi ni kiziwi. Nilipokuwa natafuta chuo, podikasti kwangu ilikuwa mlango uliofungwa. Chuo kimoja tu kiliweka maandishi kamili ya kila kipindi chini yake. Niliyasoma yote usiku mmoja. Nilienda chuo hicho.

#13 MdauWaUdahili

@sikio_la_pili asante kwa kuandika hivi. Hiyo ilitakiwa iwe kwenye posti yangu ya kwanza.

Wakuu, maandishi kamili ya kipindi ni sehemu ya kipindi, siyo nyongeza. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa Desemba 2008 (kanuni za kimataifa za kufanya tovuti zifikike kwa wenye ulemavu) unaweka maandishi ya sauti iliyorekodiwa kwenye daraja la chini kabisa la lazima. Na kuna vyuo vikubwa vimejifunza kwa njia ngumu. Mwaka 2015 chama cha viziwi cha Marekani kiliwashtaki Harvard na MIT kwa kutoweka maandishi kwenye video na sauti zao za mtandaoni, kesi zikaisha kwa makubaliano, Harvard 2019 na MIT 2020. Berkeley, chuo cha California, nao, baada ya wizara ya sheria ya Marekani kusema vitu vyao havifikiki kwa wenye ulemavu, mwaka 2017 wakaondoa hadharani video na podikasti za mihadhara zaidi ya 20,000. Miaka yote ile ya kazi ikafungiwa kwa sababu maandishi hayakuwekwa tangu mwanzo. Ukianza na kipindi kimoja ni rahisi, ukisubiri mpaka viwe mia huwezi.

Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zipo, ila lazima mtu apitie, zinaharibu majina ya watu na ya kozi vibaya sana. Kazi hiyo nampa mwandishi wa blogu, na hapo hapo anapata posti, maana mahojiano ya dakika 25 ukiyachuja unapata posti nzuri ya blogu yenye kusomwa na Google. Sauti yenyewe Google haiisomi kama inavyosoma maandishi. Hivi ndo blogu na podikasti zinavyobebana, moja ikizaa nyingine, na mtu mmoja anaweza kuendesha zote mbili.

#14 Mwl_Takwimu

Nimefurahia mjadala. Swali langu ni vipimo. Mkuu wangu anataka namba, podikasti imeleta wanafunzi wangapi. Namjibu nini?

#15 MdauWaUdahili

@Mwl_Takwimu mwalimu hapo pana mtego, twende polepole.

Namba unayopewa na wahifadhi wa podikasti ni za kupakuliwa, siyo za kusikilizwa. Kanuni za IAB (chama cha matangazo ya mtandaoni) wanazozifuata wengi zinahesabu upakuaji mmoja pale angalau dakika moja ya sauti inapochukuliwa, na simu ile ile ikichukua mara tano ndani ya saa 24 inahesabiwa moja. Simu inaweza kujichukulia kipindi yenyewe usiku na mwenye simu asikisikilize kamwe. Mlioona namba zimeshuka ghafla baada ya Septemba 2023, msiwalaumu watangazaji wenu, Apple kwenye iOS 17 (mfumo wa iPhone) walibadilisha namna simu inavyojipakulia vipindi na podikasti nyingi zilishuka bila kupoteza msikilizaji hata mmoja.

Kwenye blogu una nafasi nzuri zaidi, weka alama za UTM (maneno yanayoongezwa mwisho wa linki ili ujue mtu katokea wapi) kwenye linki zinazotoka kwenye posti kwenda fomu ya maombi, utaona posti ipi ilifikisha watu kwenye fomu. Ila hata hapo mtu anasoma leo kwa simu ya dada yake, anaomba baada ya miezi mitatu kwenye kompyuta ya shule. Kamba imekatika. Na kuna waombaji ambao hamjawahi kuwasikia popote, hawakuulizia, hawakuja siku ya wazi, mara ya kwanza kuliona jina lao ni kwenye fomu iliyojazwa. Wengi wa hao wamekuwa wakisoma blogu yenu kimya kimya.

Kwa hiyo tuliamua kuuliza. Kwenye fomu ya maombi tuliongeza swali moja, "nini kilikusaidia kuamua?" na nafasi wazi ya kuandika. Kisanduku cha kuweka tiki hatukukitaka, maana mtu akiona orodha anatiki cha juu. Na siku ya kuripoti wanafunzi wapya tunauliza tena kwa mdomo. Majibu yale yanakuja na majina: "nilisoma ya yule dada aliyefeli", "kipindi cha kaka wa mwaka wa tatu anayesoma na kufanya kazi". Mpelekee mkuu wako majibu kumi ya aina hiyo pamoja na namba za UTM, na umwambie wazi kwamba namba hizo ni sehemu ya picha. Mimi nilifanya hivyo. Alisoma jibu la saba akanyamaza, akaniuliza tunahitaji nini mwaka ujao.

#16 peke_yangu_ofisini

Mimi nipo chuo kidogo, ofisi ya masoko ni mimi na kompyuta. Nikisoma uzi huu natamani vyote lakini najijua. Nianze na kipi?

#17 MdauWaUdahili

Blogu. Wanafunzi watatu, kila mmoja posti moja kwa wiki tatu, hivyo una posti moja kila wiki. Usiahidi zaidi, bora moja kila wiki mwaka mzima kuliko kumi mwezi wa kwanza halafu ukurasa ukafa.

Podikasti ikija, ifanye kwa msimu. Vipindi sita tu, virekodiwe vyote kabla hujatangaza cha kwanza, vitoke wiki zile kati ya barua za kukubaliwa na siku ya kuripoti. Fomu zote na nani anajaza ipi (msisahau ile ya afya aliyosema @kijana_wa_videofupi). Hosteli. Wiki ya kwanza. Pesa zikichelewa unaenda ofisi gani. Ukifeli. Mzazi anauliza. Msimu umeisha, umesema umeisha, hakuna atakayekuona umekufa. Na usitaje tarehe wala ada kwa sauti, faili likishashuka kwenye simu ya mtu huwezi kulirekebisha tena, sema tu angalia ukurasa wetu wa udahili.

Ruhusa za wageni zichukuliwe kwa maandishi kabla ya kurekodi, na aliye chini ya miaka kumi na nane mzazi asaini. Mtu akihitimu akaomba hadithi yake iondolewe, iondoe. Ulaya sheria yao ya data ya 2018 inampa mtu haki ya kuomba afutwe, lakini hata pasipo sheria hiyo mtoto wa watu aliyeandika akiwa na miaka kumi na tisa ana haki ya kukua.

#18 kalamu_nyepesi

Hiyo ya mwisho, asante. Mimi yangu nimeiacha, lakini najua mwenzangu aliyeomba ya kwake ishushwe na akaandikiwa barua ndefu ya kukataliwa. Iliniuma sana.

#19 peke_yangu_ofisini

Narudi na mrejesho baada ya wiki tano. Nimepata wanafunzi watatu. Mmoja anasoma jioni, mmoja kahamia kutoka chuo kingine, mmoja mwaka wa kwanza. Niliwapa ukurasa mmoja wa masharti tukausoma pamoja kama ulivyosema. Jana wa mwaka wa kwanza kaandika "Wiki mbili za kwanza nilikula peke yangu", sikugusa chochote. Asubuhi nimekuta komenti tatu, mbili za wanafunzi wetu wanamwambia aje wakae naye, na moja ya mwombaji anauliza kama vyumba wanapanga kwa kozi au kwa majina. Sijui jibu, nimempigia mlezi wa hosteli hapokei.

#20 MdauWaUdahili

Usisubiri simu. Nenda hosteli mwenyewe sasa hivi, ukirudi mjibu hapo hapo chini ya posti, na umwambie mwandishi wako naye aongeze neno.